Karatasi ya Kusema Hakuna Kitu

Mkandarasi aliyenipigia simu hakutaka ushauri, alitaka karatasi.

"Injinia, njoo na mashine yako upitepite nusu siku, halafu uniandikie kwamba hakuna kitu. Mtaro wa bomba la maji umesimama. Mtoto wa kuchunga mbuzi kaona bomu korongoni, huku Kondoa, vibarua wangu wamegoma."

Mimi si injinia. Ni fundi sanifu ninayesukuma rada kwenye viwanja vya Dodoma kutafuta mabomba na nyaya kabla kijiko hakijaanza kuchimba. Lakini tangu Serikali ihamie huku, yeyote mwenye kofia ngumu na laptop ni injinia, na nimechoka kusahihisha.

Nikamuuliza hilo bomu liko wapi. Akasema mtoto alimwambia mwalimu, mwalimu akamwambia mtendaji wa kijiji, mtendaji akawapigia polisi, na wanajeshi wa mabomu walishakuja wakaliondoa. Walikuwa wanarudi wiki ile kukagua njia yote ya bomba.

"Basi nitakuja nao," nikamwambia. "Si kabla yao."

"Sasa wao wakishapita, wewe wa nini tena?"

Lilikuwa swali zuri, na sikuwa na jibu la kumpa kwenye simu.

Ilikuwa hivi. Miaka kadhaa nyuma nilipitisha rada kwenye mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dodoma, mwezi Machi, mvua bado zinanyesha. Udongo ulikuwa wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaonasa kiatu ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza kiganja ukikauka. Kioo cha mashine kilikuwa safi kama shuka iliyotoka kuanuliwa. Nikaandika kwenye ripoti: "Hakuna bomba lililoonekana kwenye njia ya mtaro." Ukiisoma polepole utaona nilivyojikinga kwenye neno "lililoonekana". Lakini nani anasoma ripoti polepole? Aliyeilipia alisoma "hakuna bomba", na siku ya tatu kijiko kikakata bomba la inchi sita. Maji yaliruka mpaka juu ya paa la duka la jirani. Mama mwenye duka alisimama mlangoni na ndoo ya unga uliogeuka uji, akanitazama. Hakusema neno. Bora angenitukana.

Mashine siku ile ilikuwa nzima. Mawimbi yalifia njiani, hayakulifikia bomba, na mimi nikaandika kimya chao kana kwamba ni jibu.

Nieleze kidogo. Rada ya kupenya ardhi ni antena iliyofungwa kwenye toroli la magurudumu manne. Inatuma mapigo ya mawimbi ya redio ardhini na kusikiliza yanayorudi. Yangu ni ya megahezi 400. Wimbi linarudi pale linapokutana na badiliko: mchanga ukigeuka jiwe, udongo ukigeuka chuma, au ardhi ngumu ikigeuka shimo la panya. Halijui bomba wala bomu. Linajua kwamba hapa pana kitu tofauti na pale, basi.

Ukilisukuma toroli kuelekea kitu kilichozikwa, unaanza kukipata kabla hujakifikia, kwa mshazari, na wimbi linasafiri njia ndefu. Ukiwa juu yake njia inakuwa fupi, ukikipita inarefuka tena. Kioo kinachora upinde wenye mgongo juu. Vitabuni ni haipabola. Kwenye timu yetu tunaiita nyusi, na kazi ya kutwa nzima ni kujua nyusi hii ni ya nani. Mzizi wa mbuyu una nyusi. Jiwe lina nyusi, kichuguu kina nyusi. Waya wa umeme uliopita juu ya kichwa chako nao una nyusi, kwa sababu antena huvuja kidogo kuelekea juu, wimbi likagonga waya na kurudi, na kioo kikakuchorea kitu ambacho eti kiko chini ya miguu yako. Hiyo ya waya unaikamata kwa upana wake: hewani wimbi hukimbia sentimita 30 kila nanosekunde, na hakuna udongo unaoruhusu mwendo huo.

Kwenye kina ndipo wengi tunapoanguka. Rada haipimi mita, inapima muda, na mita unazitafuta mwenyewe. Chukua nyusi iliyorudi baada ya nanosekunde 16. Kwenye mchanga mkavu wimbi huenda kama sentimita 15 kwa nanosekunde. Gawa kwa mbili kwa kuwa limekwenda na kurudi, kitu kiko mita 1.2 chini. Kwenye udongo ulioshiba maji kasi inaweza kushuka mpaka kama sentimita 6, na nyusi ileile inakuwa sentimita 48. Kwa hesabu ya kwanza kibarua anapiga sululu bila wasiwasi. Kwa ya pili ameshakigonga.

Halafu kuna mfinyanzi. Maji na chumvi zake hupitisha umeme, na wimbi la redio likiingia mahali panapopitisha umeme linageuka joto na kuisha. Mchangani antena kama yangu inaweza kuona mita mbili, hata tatu. Kwenye mbuga iliyolowa, ukiona nusu mita shukuru. Ndiyo maana wataalamu wa mabomu hawaitegemei rada peke yake. Wao hutumia zaidi ditekta ya metali, na magnetometa inayosikia jinsi chuma kinavyopotosha sumaku ya dunia. Rada inaongezwa kusaidia: kukisia kina na ukubwa wa kitu, au kutafuta mabomu ya kutegwa yaliyotengenezwa kwa plastiki, ambayo ditekta huyasikia kwa shida. Zipo hata ditekta za mkononi zenye rada ndani yake.

Sasa, bomu Kondoa limetoka wapi? Vijana wengi niliowauliza walisema Kagera, vita ya Idi Amin. Kagera ni mbali na huku. Hili ni la zamani zaidi. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, upande wa Waingereza, waliingia Kondoa Irangi wakitokea kaskazini, mvua zikiwa zimeharibu njia nyuma yao na farasi wakifa ovyo. Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akawashambulia usiku ili kuwang'oa, akashindwa, na pande mbili zikabaki zikitupiana makombora kwa wiki kadhaa. Mizinga mingine ya Wajerumani ilitoka baharini. Ni ile ya sentimita 10.5 ya meli Königsberg, iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na mizinga yake ikaopolewa na kutawanywa nchi nzima. Fikiria chuma cha meli kinavyoburutwa kutoka Rufiji mpaka Kondoa, na fikiria kilikokotwa na nani.

Kombora likitua kwenye ardhi iliyolainishwa na mvua, fyuzi, kile kifaa cha kulilipua, inaweza isigongwe sawasawa. Linazama na kukaa. Miaka mia haililainishi. Baadhi ya makombora ya enzi hizo yalijazwa asidi ya pikiriki, ambayo Waingereza waliiita lyddite; ikikaa muda mrefu na metali hutengeneza chumvi zinazolipuka kirahisi kuliko yenyewe. Kwa hiyo kutu unayoiona nje haikwambii chochote cha kutia moyo kuhusu ndani.

Nilifika Kondoa Novemba, kabla ya mvua. Mwenyekiti wa kijiji alinikutanisha na mzee mmoja ambaye shamba lake linapitiwa na njia ya bomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kitoroli chenyewe? Nilidhani kikubwa."

Akanishika mkono, tukashuka mpaka kwenye jiwe lililochomoza mchangani, dogo kama kigoda. "Unaliona hili? Nikiwa mtoto tulikuwa tunalikalia, miguu inaning'inia, haifiki chini."

Nilibaki nalitazama lile jiwe muda mrefu kuliko nilivyotazama ramani ya mkandarasi. Milima ya Kondoa imemomonyoka vibaya. Wakubwa wanaukumbuka mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, ulioanza 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumue. Mchanga ulioteremka kutoka juu ulitanda huku chini. Maana yake, ardhi waliyoikanyaga askari wa 1916 inaweza kuwa chini ya mita mbili za mchanga, na hatua hamsini mbele ikawa wazi kabisa kwenye ukuta wa korongo, ambako mvua moja kubwa inaweza kuangusha chochote miguuni pa mtoto mwenye mbuzi. Ditekta ya mkononi inasikia kitu cha ukubwa wa kombora kikiwa karibu na uso wa ardhi. Chini zaidi, kwenye mchanga mkavu, ndiko rada yangu ina la kusema. Nikawa nimepata jibu la swali la mkandarasi.

Sajini aliyeongoza wale wanajeshi alikuwa mtu wa maneno machache. Masharti yake: nisivuke vigingi vyao vyeupe, nisikandamize ardhi kwa nguvu zaidi ya ile ya gurudumu, na nikiona chochote niseme mita tu, nisiseme ni nini. Hilo la mwisho lilinipendeza.

Tukatandaza kamba za manila, mstari kila sentimita 25. Kwenye mabomba nimezoea mita nzima, kwa kuwa bomba ni refu. Ukilikosa mstari huu utalikata ujao. Kombora la unene wa sentimita 10 lililosimama kichwa chini linaweza kukaa katikati ya mistari miwili, na wewe ukapita kulia na kushoto unapiga mluzi.

Kufikia saa nne watu walishajaa nyuma ya utepe, na minong'ono ikawa ileile ninayokutana nayo popote kati ya Manyoni na Kondoa: huyu hatafuti bomu, anatafuta mali ya Mjerumani. Usicheke. Neno "hela" lenyewe tumelitoa kwenye sarafu ya Mjerumani. Na mwaka 1916, Mjerumani akiwa amezingirwa, kweli aligonga sarafu za dhahabu Tabora, za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke upande wa Singida. Ukweli mdogo kama huo unalisha uvumi miaka mia. Kuna watu huku wameuza ng'ombe kununua ditekta za mitumba, wanachimba usiku kwenye mahandaki ya zamani wakiamini kila mlio ni sanduku. Mahandaki ya vita. Mahali pekee ambapo uwezekano wa kugonga kombora ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Kijana mmoja mwenye jezi ya Yanga alinifuata nilipoenda kunywa maji. "Injinia, mimi nina nguvu, wewe una mashine. Pasu kwa pasu."

"Ya nini?"

"Ya kitakachopatikana."

Nikamwambia kitakachopatikana hapa hakigawanyiki vizuri. Akacheka, lakini namba yangu aliipata kwa mtu.

Mchana, kwenye mita ya 37, nyusi ikaja. Nyeupe, kali, na chini yake nyingine dhaifu, na nyingine tena, kama mwangwi bondeni. Chuma hufanya hivyo. Wimbi lote linarudi, linadunda kwenye antena, linashuka tena. Niliipata kwenye mistari minne mfululizo, kwa hiyo kitu chenyewe kilikuwa na upana wa karibu mita moja, kina kama sentimita 70 kwa kasi ya mchanga ule. Nikasema moyoni: kikubwa mno kwa kombora. Mdomoni nikasema, "Mita 37, afande."

Sajini akapita na ditekta yake, ikalia kwa mbali. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia kuhusu upana. Akanitazama. "Makombora huwekwa kwenye masanduku," akasema, akaamuru watu wote wapelekwe nyuma ya kilima.

Tulikaa huko kwa muda wa karibu saa mbili, vibarua, kina mama, mbuzi, mkandarasi anayehesabu dakika kwa sauti. Wao walichimba kutokea pembeni, kwa mwiko na brashi. Walipotuita, kilicholala mchangani kilikuwa bangili kubwa ya chuma iliyoliwa na kutu: ringi ya gurudumu la mkokoteni.

Mzee akaisogelea, akainama, akaigonga kwa fimbo. "Hii ya baba."

Inawezekana. Inawezekana pia ni ya gari la ng'ombe la jeshi la van Deventer. Hakuna aliyetaka kubishana na mzee mbele ya wajukuu zake, na sajini akaandika kwenye daftari lake: chuma, si hatari, amepewa mwenye shamba.

Nikiwa pale nyuma ya kilima nilikuwa nawaza panya wa Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa TNT, baruti ya mabomu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na kupewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Panya angepita juu ya ile ringi bila hata kugeuza sikio, kwa sababu anatafuta baruti, na chuma hakimhusu. Sisi tungeokoa saa mbili. Lakini yeye naye anategemea harufu ifike juu, na sijui mita mbili za mchanga zingemfanyia nini. Kila kifaa kina mahali kinapokuwa kipofu, tofauti ni kwamba panya hatakiwi kuandika ripoti.

Jioni tukafika kwenye mita 80 za mwisho, njia inapoteremka kwenye mbuga yenye matuta ya viazi vitamu. Juu palikuwa pakavu, lakini hatua tano tu ndani kioo kikaanza kufifia. Nyusi za mawe zikapotea, michirizi ya udongo ikapotea, ikabaki rangi ya kijivu kama televisheni ya zamani iliyokosa chaneli. Nikapunguza kasi, nikaongeza nguvu ya kupokea, nikapata kelele zaidi ya kijivu. Mkandarasi alikuwa nyuma ya bega langu.

"Ehee, hapa ndiyo safi kabisa," akasema.

Nikamkumbuka mama wa unga.

Ripoti niliiandika usiku uleule gesti. Njia ya bomba niliipaka rangi tatu kwenye mchoro. Kijani: rada ilifika mita mbili, vilivyoonekana vimefukuliwa na wanajeshi. Njano: rada ilifika mita moja tu, kwa hiyo sentimita 20 za mwisho za mtaro wa sentimita 120 hazikuonekana vizuri. Ile mbuga nikaipaka nyekundu na kuandika kwa herufi kubwa: HAPA MASHINE HAIONI. Wataalamu wamekagua sehemu ya juu kwa ditekta. Chini ya hapo hakuna aliyeangalia. Nikashauri sehemu hiyo isubiri magnetometa, au bomba lizungushwe kandokando ya barabara.

Mkandarasi aliisoma mara mbili, safari hii polepole. "Nimekulipa uniambie hujui?"

"Umenilipa nikwambie ni wapi sijui."

"Bosi wangu anataka neno moja. Salama."

Nikamwambia neno hilo, kama lipo, la kuandika ni sajini, na sajini mwenyewe sijamsikia akilitamka. Alinilipa nusu, nusu nyingine ikaja baada ya wiki tatu za kupigiana simu. Bomba walilizungusha. Liliwaongezea urefu na gharama, na kwa miezi kadhaa sikupewa kazi na watu wake. Yameisha hayo.

Ambalo sikulitegemea ni hili. Mwenyekiti alibandika nakala ya mchoro wangu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ili watu waelewe kwa nini bomba linapinda. Wazo zuri, nilimpongeza. Siku ya nne, saa tano usiku, nikiwa nimesharudi Dodoma, simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya chini, upepo nyuma yake.

"Injinia, ni mimi, wa pasu kwa pasu. Nimeona ile ramani."

"Enhe."

"Ile nyekundu, uliyoandika mashine haioni." Akatulia kidogo. Nikasikia chuma kikigonga kitu kigumu, na mtu mwingine akikohoa. "Ndiyo penyewe, sivyo? Umeificha kwa ujanja."

Nilimwambia aweke jembe chini, asiliburute, alilaze tu, watoke wakipita njia ileile waliyoingilia. Nilirudia mara tatu. Kisha nikakata, nikampigia mtendaji, naye akapokea kwenye mlio wa kwanza kama mtu ambaye hakuwa amelala.